Pua Kavu na Vigaga Visivyoisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kigaga kidogo puani kinaweza kumnyima mtu usingizi, kumtoa damu kila asubuhi na kumtia haya akiwa karibu na watu. Hata hivyo wengi huona si jambo la kumsumbulia daktari, wakaendelea kukibandua kwa kucha mwaka baada ya mwaka. Majibu haya nimewaandikia hao. Mwenye muda wa kusoma jibu moja tu, asome la pili.

Vigaga vya puani ni nini hasa?

Ndani ya pua kuna utando laini unaotoa ute mchana na usiku. Mtu mzima huvuta hewa ya lita 10,000 au zaidi kwa siku, na pua ina kazi ya kuipasha moto, kuilowanisha na kuichuja kabla haijafika mapafuni. Maji ya kuilowanishia hutoka kwenye utando huo. Juu ya utando umetandazwa ute, na ndani ya ute huo kuna vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kasia zaidi ya mara 10 kwa sekunde na kuusukuma kwenda nyuma kooni, ambako tunaumeza bila kujua. Pua yenye afya huusafirisha ute wake wote kwa muda wa dakika 10 hadi 20, kisha mwingine huchukua nafasi yake.

Maji yakipungua, ute huwa mzito na kunata. Vijinywele hukwama. Ute uliosimama hupigwa na hewa, hukauka, hushika vumbi, na kama kuna mchubuko huchanganyika na damu na majimaji ya kidonda. Hapo ndipo kigaga kinapozaliwa.

Angalia pia kilipo. Kigaga kilicho mlangoni kabisa, penye nywele za pua, kimeota juu ya ngozi, na mara nyingi kinatokana na mchubuko au vijidudu kwenye mashina ya nywele. Kilicho ndani zaidi kimeota juu ya utando wenyewe. Matibabu ya viwili hivi yanakaribiana lakini si yale yale.

Nikikibandua hurudi kesho yake, tena kikubwa zaidi. Kwa nini?

Kwa sababu umekifunua kidonda kilichokuwa kinapona. Chini ya kigaga, chembe mpya za utando hutambaa kutoka pembeni kwenda katikati kufunika pengo. Kigaga kikavu kimeshikamana nazo. Ukikivuta, zinang'oka nacho, damu inatoka, damu inaganda, na ganda la damu huwa kubwa kuliko kigaga cha jana. Mwili unaanza upya. Siku mbili tatu baadaye kinawasha, kidole kinarudi, na mzunguko unaendelea. Najua watu waliokaa hivyo miaka kumi wakiamini wana ugonjwa wa ajabu, kumbe kidonda chao hakikuwahi kupewa hata wiki moja ya kupumzika.

Mahali vigaga hupenda kukaa ni sehemu ya mbele ya ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Hapo mishipa midogo ya damu hukutana ikiwa karibu sana na uso wa utando, na ndipo damu nyingi ya puani hutokea. Ukuta huo kwa ndani ni gegedu, yaani mfupa laini, na gegedu halina mishipa yake ya damu: hulishwa na utando uliolifunika pande zote mbili. Utando ukichunika kwa muda mrefu huku na huku, gegedu hukosa lishe, hufa, na tundu hutoboka. Wenye tundu dogo husikia pua ikipiga mluzi wanapovuta pumzi. Tundu likishakuwepo, hewa huzungukazunguka kwenye kingo zake na kuzikausha, kwa hiyo vigaga huongezeka.

Ndiyo maana nasisitiza: kigaga hakibanduliwi kikiwa kikavu. Kinalowekwa mpaka kiachie chenyewe.

Ni mambo gani hukausha pua?

Hewa kavu ndiyo ya kwanza: ya msimu wa baridi au kiangazi, ya kiyoyozi, ya kipasha joto cha chumbani, ya ndani ya ndege. Moshi wa sigara, wa kuni na wa kazini hudhoofisha vijinywele, sawa na vumbi la saruji, mbao au unga. Ugoro na dawa za kulevya zinazovutwa puani huchoma utando moja kwa moja. Kokeini hubana mishipa ya damu kiasi cha kuua gegedu.

Kisha kuna dawa za kawaida ambazo watu hawazifikirii. Baadhi ya dawa za mzio, hasa zile za zamani zinazoleta usingizi, hukausha ute wa mwili mzima. Isotretinoini, inayotumika kwa chunusi sugu, hukausha midomo kwa karibu kila anayeimeza, na mara nyingi macho na pua pia. Oksijeni ya mrija na mashine ya kusukuma hewa wakati wa usingizi hukausha pia, hasa zikitumika bila chombo cha kulowanisha hewa.

Umri nao una mchango wake, kwani utando hupungua unene na ute kadiri mtu anavyozeeka. Vigaga vingine hutokana na upasuaji wa pua ulioondoa nyama nyingi kupita kiasi, au mionzi ya kutibu saratani ya kichwa na shingo. Magonjwa ya mwili mzima nimeyaweka kwenye jibu la mwisho.

Dawa ya kuzibua pua imenisaidia kwa miezi. Inaweza kuwa ndiyo tatizo?

Inaweza, na mara nyingi ndiyo. Dawa za kupuliza au matone yenye oksimetazolini au zailometazolini hubana mishipa ya damu ya puani, na pua hufunguka ndani ya dakika chache. Zikitumika zaidi ya siku 3 hadi 5 mfululizo, mishipa huzizoea: dawa ikiisha nguvu pua huvimba kuliko mwanzo, mtu hupuliza tena, na utando unaonyimwa damu kila saa chache hukauka na kuchubuka. Mwenye tatizo hili huwa na pua iliyoziba na kukauka kwa wakati mmoja.

Kuacha ni kugumu kwa siku kadhaa za kwanza. Wengine huacha tundu moja kwanza, wakaendelea na la pili mpaka la kwanza litulie. Daktari anaweza kukupa dawa ya steroidi ya kupuliza, ya kupunguza uvimbe, ikuvushe kipindi hicho. Maji ya chumvi unaweza kuyatumia muda wote huo.

Natumia steroidi ya kupuliza kwa ajili ya mzio na sasa natokwa na vigaga vyenye damu. Niache?

Usiache kabla ya kukagua unavyopuliza. Kosa la kawaida ni kuielekeza dawa kwenye ukuta wa kati, ikawa inapiga sehemu ile ile nyembamba kila siku. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia, huku ncha ya chupa ikielekea upande wa sikio. Inamisha kichwa kidogo, vuta pumzi taratibu, usinuse kwa nguvu. Kama damu inaendelea hata baada ya kurekebisha, mwambie aliyekuandikia dawa; huenda akakupumzisha wiki moja au mbili, au akabadilisha aina.

Nianze vipi kutibu?

Kwa mambo matatu, yote kila siku, kwa wiki kadhaa bila kukatisha. La kwanza ni kulowesha: dondoshea au pulizia maji ya chumvi puani mara kadhaa kwa siku. La pili ni kuosha asubuhi na jioni kwa maji mengi zaidi ya chumvi ili vigaga vilivyolainika vitoke. La tatu ni kupaka kilainishi ili unyevu usipotee. Na mikono ikae mbali na pua. Kata kucha ziwe fupi, kwa sababu kidole huingia puani usingizini pia.

Vigaga vikiwa vigumu, weka matone ya maji ya chumvi au jeli ya chumvi, subiri dakika 10 hadi 15, ndipo uoshe. Baada ya kuosha penga taratibu, tundu moja moja, mdomo ukiwa wazi. Kinachotoka kitoke, kilichobaki kiache mpaka awamu ijayo. Hapa ndipo uvumilivu hujaribiwa, maana kigaga kilicholegea nusu huwasha kuliko kilichoshika.

Siku za mwanzo utaona nafuu ya upumuaji. Utando wenyewe huhitaji wiki kadhaa kurudi katika hali yake, na wengi hupoteza walichopata kwa kuacha siku ya tano, kwa kuwa tu pua imefunguka.

Maji ya chumvi nayatengenezaje nyumbani?

Chukua mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikiwa sawa na si kilichojaa kilima. Ongeza robo kijiko cha bikaboneti ya sodiamu (baking soda), unga mweupe unaotumika kuumulia keki, hamira siyo. Bikaboneti hupunguza mwasho na kusaidia kulainisha ute mzito. Chumvi isiyotiwa madini joto ni bora, kwani madini hayo huwachoma baadhi ya watu. Koroga mpaka vyote viyeyuke.

Kuhusu maji, usifanye njia ya mkato. Yachemke kwa kutokota dakika 1 kamili, au dakika 3 ukiishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa) ya dukani yanafaa pia. Maji ya bomba, kisima au mto yasiyochemshwa yanaweza kuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri. Akinywewa hana madhara, lakini akiingia kwa njia ya pua hupanda hadi kwenye ubongo, na karibu wote wanaopatwa hufa. Ni nadra mno, lakini dakika moja ya moto inatosha kuyaondoa mashaka hayo.

Simama kwenye sinki, inama mbele, geuza kichwa upande. Pumua kwa mdomo. Ingiza maji tundu la juu taratibu. Yatatokea tundu la chini au mdomoni. Badilisha upande. Maji yaliyobaki yatumie ndani ya saa 24 au yamwage, na chupa ioshwe kwa maji salama na kuachwa ikauke kila baada ya kutumika.

Yananichoma, na masikio yanaziba. Ni sawa?

Kuchoma kidogo siku za kwanza kwenye utando wenye vidonda ni kawaida. Kuchoma sana maana yake chumvi imezidi, haikutosha, au maji ni ya moto au ya baridi mno. Maji matupu yasiyo na chumvi nayo huchoma vibaya. Masikio yakiziba, punguza nguvu ya kukamua chupa, usimeze mate wakati maji yanapita, na usipenge kwa kishindo baadaye. Maji kidogo yakidondoka saa moja baada ya kuosha ukiwa umeinama, usishtuke. Yalijificha kwenye mapango ya uso.

Vaselini inafaa? Na mafuta ya ufuta?

Kiasi cha punje ya mchele cha vaselini, kikipakwa kwa ncha ya kidole safi mlangoni tu mwa pua, kinafaa kwa watu wengi. Ukishapaka, bana pua kwa nje taratibu ili yasambae. Usisukume kijiti cha pamba ndani, kinachubua. Mafuta ya ufuta yaliyosafishwa kwa matumizi ya pua yamefanyiwa utafiti na huwasaidia wenye ukavu, ila anayedhurika na ufuta asiyaguse.

Kuna tahadhari mbili. Mafuta mengi yakipakwa kwa kina kila siku kwa miezi yanaweza kuteremka kidogo kidogo hadi mapafuni na kuleta nimonia ya mafuta. Kwa hiyo paka kidogo, na usisubiri dakika ya kuweka kichwa kwenye mto wa kulalia. Anayetumia oksijeni asipake vaselini wala mafuta yoyote puani, kwa hatari ya moto. Atumie jeli ya maji.

Nikiulizwa chaguo langu kwa matumizi ya muda mrefu, ni jeli ya chumvi au yenye asidi ya hialuroniki. Inashika maji vizuri na hofu ya mapafu haipo.

Je, nahitaji antibiotiki?

Kwa ukavu peke yake, hapana. Unaihitaji pale mlango wa pua unapokuwa mwekundu, unauma ukiguswa, na vigaga vyake ni vya rangi ya asali au vina usaha. Hayo mara nyingi ni maambukizi ya bakteria Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi hukaa naye puani bila kuumwa mpaka apate mchubuko wa kupenya. Daktari huweza kuandika mafuta ya mupirosini ya kupaka kwa siku chache. Usiyatumie ovyo kila kigaga kikirudi, kwani bakteria hujifunza kuyahimili.

Jipu la puani halikamuliwi kamwe. Damu ya eneo hilo hurudi kupitia mishipa inayoungana na ile ya nyuma ya macho na ubongo. Pua ikivimba hadi shavuni au jichoni, ukapata homa, kichwa kikauma sana au ukaona vitu viwiliviwili, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Watu wanasema pua yangu inanuka, mimi sisikii chochote.

Hali hii inaumiza, na anayeipata hastahili kuchekwa wala kuambiwa ni mchafu. Upo ugonjwa uitwao ozena, ambapo utando na nyama za ndani ya pua husinyaa, pua inakuwa pana kama ukumbi mtupu, na vigaga vya kijani vinajaa. Bakteria kama Klebsiella ozaenae hukutwa humo, na harufu huwa kali. Mishipa ya kunusa nayo husinyaa, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe hasikii. Cha kushangaza, hulalamika pua imeziba ilhali iko wazi kabisa: utando uliosinyaa hauhisi tena hewa inapopita.

Matibabu ni kuosha kwa maji ya chumvi na bikaboneti mara kadhaa kwa siku, kwa muda mrefu, pengine maisha yote. Madaktari huongeza matone ya glukosi asilimia 25 ndani ya gliserini, ambayo huvuta unyevu na kuwabana bakteria wanaoleta harufu, na antibiotiki inapobidi. Wachache hufanyiwa upasuaji wa kupunguza upana wa pua, au kufunga tundu kwa muda ili utando upumzike kupigwa na hewa.

Mtoto mwenye harufu mbaya na uchafu wa upande mmoja tu wa pua ana habari nyingine: mara nyingi amejitia kitu. Mpeleke kikatolewe, usijaribu kukichokoa. Kama kuna uwezekano kwamba ni betri ndogo ya kidonge, ni dharura, maana ndani ya saa chache huunguza hadi kwenye gegedu.

Kujifukiza, mentholi, kunywa maji mengi, vitunguu saumu?

Mvuke hulainisha kwa muda mfupi, na maji ya moto huunguza watu kila mwaka, watoto hasa. Mentholi hudanganya mishipa ya fahamu ihisi ubaridi. Haifungui wala hailowanishi, na haifai kwa watoto wadogo. Kunywa maji kunasaidia aliyepungukiwa maji, lakini hakutibu utando uliojeruhiwa. Kitunguu saumu, limau na tangawizi ndani ya pua huunguza. Usiviweke.

Chombo cha kulowanisha hewa chumbani kinafaa kikisafishwa mara kwa mara. Lenga unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Ukizidi sana, kuvu hustawi ukutani.

Damu ikitoka nifanye nini?

Kaa wima, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, pumua kwa mdomo. Hesabu dakika 10 hadi 15 ukitazama saa, bila kuachia ili kuchungulia. Usilaze kichwa nyuma. Damu itaingia kooni ikuletee kichefuchefu. Isipokata baada ya nusu saa, au ikitoka nyingi, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, nenda hospitali. Ikikata, usipenge kwa siku nzima.

Lini nimwone daktari, na nimwambie nini?

Baada ya wiki tatu au nne za kuosha na kulainisha kwa uaminifu bila nafuu, mtafute daktari wa masikio, pua na koo. Usisubiri hata hizo kama vigaga na damu viko upande mmoja tu, kama tundu hilo limeziba moja kwa moja, kama uso umekufa ganzi au kuna uvimbe, kwani saratani ya pua huanza hivyo.

Msaada unahitajika mapema pia vigaga vikiambatana na dalili za mwili mzima. Macho na kinywa vikavu pamoja na maumivu ya viungo huashiria ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na machozi. Vigaga vikubwa vyenye damu, mgongo wa pua unaodidimia, kikohozi cha damu au mkojo wenye damu huashiria uvimbe wa mishipa midogo ya damu, ugonjwa unaoharibu figo usipotibiwa haraka. Ukoma hupenda utando wa pua tangu mapema, na kifua kikuu na kaswende vinaweza kujitokeza humo pia. Yote haya yana matibabu.

Daktari atachungulia kwa taa au kamera nyembamba, atatoa vigaga vilivyolowekwa, na akitilia shaka atapima damu au kukata kipande kidogo cha utando. Mpelekee orodha ya kila kinachoingia puani mwako, ikiwemo dawa ulizonunua mwenyewe, ugoro na dawa za kulevya kama zipo. Anauliza ili akutibu. Mwambie upande, muda, rangi, harufu, na kama kidole chako huingia. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, usikibandue kigaga ili uende msafi. Kiache akione.